Mtutu Mpana, Risasi Nyepesi

Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akaanza kuufuata Mto Ruvuma kwenda bara. Alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Kilichomchelewesha mwanzoni mwa safari hakikuwa vita wala njaa, kilikuwa kichaka. Kando ya uwanda wa Makonde miti na mitambaazi ilisongamana hata mnyama mwenye mzigo hakuweza kupenya, ikabidi aajiri Wamakonde wenye mashoka wamfyekee njia. Wenyeji wenyewe hawakukiona kichaka hicho kuwa kero. Vijiji vyao vilijificha ndani yake, na mtu mgeni aliyekuja kuteka watumwa au kupora nafaka aliweza kupita karibu asijue kwamba kuna watu.

Katika nchi ya namna hiyo macho hayafiki mbali. Nguruwe, paa, hata tembo huonekana akiwa hatua chache tu mbele ya mwindaji. Huko ndiko bunduki yenye mtutu mpana ilikofika, na wawindaji wa Masasi na Newala wakajifunza kuilisha risasi ndogo kuliko ile iliyokusudiwa na waundaji wake. Mazoea hayo yalitokana na hesabu waliyoijua vizuri: umbali wa shabaha, bei ya madini ya risasi, kiasi cha baruti kilichobaki ndani ya pembe ya kuitunzia, na unene wa chuma kilicho karibu na shavu la mpigaji.

Bunduki zilipanda kutoka pwani kwa sababu pembe zilishuka kutoka bara. Mkataba wa Marekani na Seyyid Said wa mwaka 1833, na baadaye Sultani kuhamishia makao yake Unguja, viliifanya Zanzibar kuwa soko kubwa la pembe za ndovu kwa ulimwengu mzima. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta kitambaa cha merikani, na pamoja nacho baruti na bunduki. Nao Wazungu wa Ulaya, kila jeshi lao lilipopata silaha mpya, waliuza zile za zamani kwa wachuuzi, na wachuuzi wakazipeleka kwenye pwani za Afrika. Kufikia mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kupitia pwani hiyo.

Kutoka Kilwa, Lindi na Mikindani bunduki hizo zilifuata njia za misafara. Wayao walikuwa mabingwa wa misafara, na machifu wao walijenga nguvu kwa kugawa bunduki na baruti kwa wafuasi. Wamakua walikuwa na sifa ya uwindaji wa tembo. Walivuka Ruvuma wakifuata makundi ya wanyama hao, na wengi wakaweka makazi upande wa Masasi. Wamakonde wa uwandani walikuwa wakulima, wakauza sandarusi na mpira wa msituni, na kwao bunduki ilikuwa kwanza ya kulinda kijiji na shamba.

Bunduki iliyowafikia ilikuwa gobore, yaani bunduki ya kushindilia. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akafuatisha kizibo cha nyuzi au kitambaa, kisha risasi, kisha kizibo kingine, na yote akayashindilia kwa mdeki. Za mwanzo ziliwashwa kwa jiwe la gumegume lililogonga chuma na kutoa cheche. Baadaye zikaja za fataki. Ndani ya mtutu hamkuwa na mifuo ya kuizungusha risasi. Ile bunduki kongwe ya jeshi la Uingereza, ambayo maelfu yake yaliishia Afrika, ilikuwa na mtutu wenye upana wa karibu milimita 19, na risasi yake ya mviringo ilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 17.5 na uzito wa gramu 32 hivi.

Tofauti hiyo kati ya mtutu na risasi iliwekwa makusudi. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi mazito, na baada ya mapigo machache mtutu huziba. Risasi inayoubana mtutu ingekwama katikati, na kukwama katikati ya vita au mbele ya tembo ni mauti. Kwa hiyo hata mwanajeshi wa Ulaya alipiga risasi iliyolegea kidogo. Mwindaji wa kusini aliichukua kanuni hiyohiyo akaisogeza mbele zaidi.

Kilichomsukuma ni uhaba. Madini ya risasi hayakuchimbwa Masasi wala Newala. Yalifika kwa mabega ya wapagazi, siku nyingi kutoka Lindi, yakishindania mzigo na nguo, shanga na chumvi. Sasa chukua kilo moja ya madini hayo. Ukisubu risasi za milimita 17.5 utapata kama 31. Ukitumia kalibu ya milimita 16, kila risasi itakuwa na gramu 24 tu, na kilo ileile itakupa 41. Umepunguza upana kwa milimita moja na nusu, jambo ambalo jicho halilioni kwa urahisi, na uzito umepungua kwa karibu robo. Tena risasi nyepesi huhitaji baruti pungufu, na baruti ilikuwa adimu kuliko hata risasi. Ilitoka ng'ambo, ilivuta unyevu wa masika, na nyingi ilikuwa ya daraja la chini, iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara ya Afrika.

Kusubu kwenyewe kulikuwa kazi ya utulivu. Madini ya risasi huyeyuka kwa moto wa kawaida wa makaa, hayadai mivukuto ya mhunzi. Mwenye kusubu aliyayeyusha katika chombo kidogo cha chuma au chungu, akaengua uchafu ulioelea juu, akamimina katika kalibu yenye vipande viwili vinavyofumbana. Alisubiri kidogo, akafungua, akakata kile kishina kilichobaki mahali pa kumiminia. Risasi yenye kovu au yenye tundu la hewa ndani huyumba hewani, kwa hiyo iliyoharibika ilirudishwa motoni bila kupoteza hata tone. Asiyekuwa na kalibu alikatakata vipande vya risasi au chuma, akashindilia viwili vitatu kwa pamoja, akategemea ukaribu wa mnyama kufidia upotovu wa shabaha.

Kuna sababu nyingine iliyomfanya mtu mwenye busara aiogope risasi nzito. Bunduki nyingi za biashara ziliundwa kwa gharama ndogo, mitutu yake myembamba, na nyingine zilikuwa zimeshatengenezwa upya mara kadhaa. Risasi nzito hukaa muda mrefu zaidi mbele ya baruti inayowaka, na msukumo wa nyuma yake hupanda. Mtutu dhaifu ukipasuka huondoka na vidole, jicho au uhai. Mwindaji aliyeshika gramu 24 badala ya 32 aliupumzisha mtutu wake, akalipumzisha na bega lake.

Alilipa gharama, naye aliijua. Risasi iliyolegea mno hugongagonga kuta za mtutu na kutoka ikiwa imepinda njia, labda izungushiwe kitambaa au ngozi laini. Risasi nyepesi hutoka kwa kasi lakini huchoka upesi, na kupita hatua hamsini au sitini haina tena nguvu ya kutegemewa. Katika mbuga wazi hiyo ingekuwa hasara kubwa. Ndani ya kichaka cha Makonde hakuna hatua sitini za kuona, kwa hiyo kilichopotea kilikuwa kitu ambacho hakikuwa na matumizi.

Tembo alikuwa jambo jingine. Mfupa wa kichwa chake huibapaza risasi laini kabla haijafika ndani. Wawindaji wa Kizungu wa wakati huo walijibu kwa ukubwa. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa hifadhi kubwa iliyo kaskazini-magharibi ya Masasi, alianza uwindaji wake kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa bunduki za kushindilia zilizobeba risasi za zaidi ya gramu 110, na kila pigo lilimtikisa mwili mzima. Alisubu risasi zake mwenyewe, tena alikuwa na magari ya maksai ya kubebea akiba yake. Mwindaji wa Kiafrika aliyetembea kwa miguu na mfuko begani hakuweza kujibu kwa njia hiyo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati jibu lilikuwa chuma. Mhunzi alifua risasi ya chuma, ngumu kiasi cha kupasua mfupa. Katanga, walikokuwa na shaba yao wenyewe, watu wa mtawala Msiri walitumia risasi za shaba.

Chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi kwa karibu theluthi, na shaba kwa karibu moja ya tano. Risasi ya tembo iliyofuliwa kijijini ilikuwa basi nyepesi kuliko ya Kizungu yenye kipenyo kilekile, na ilipenya kwa ugumu wake. Ilikwaruza mtutu, na haikumwangusha mnyama papo hapo kila mara. Wawindaji walikaribia sana, walipiga kwa pamoja, kisha walifuata damu kwa saa nyingi, pengine kwa siku. Kazi ambayo Selous aliiachia uzito wa risasi, wao waliifanya kwa miguu na kwa ustadi wa kusoma nyayo.

Hivyo ndivyo bunduki ilivyokuwa imekaa kusini wakati Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipofika Masasi mwishoni mwa 1876 akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawapa makazi chini ya vilima vya mawe. Makazi yale yalikua haraka. Mwezi Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa Masasi waliwaita Magwangwara, waliyashambulia, wakaua na kuondoka na mateka. Silaha yao kuu ilikuwa mkuki mfupi na ngao. Mtu mwenye bunduki ya kushindilia hupiga mara moja, kisha anahitaji karibu nusu dakika au zaidi kushindilia tena, na katika nusu dakika shujaa wa Kingoni amekwisha kufika. Baada ya shambulio hilo kazi kubwa ya misheni ilihamia Newala kwa miaka kadhaa, kwa Matola, chifu wa Kiyao, ambako mwinuko na vichaka vilitoa kinga ambayo bunduki peke yake haikuweza kuitoa.

Machemba wa Luagala, Myao mwingine wa uwandani, aliujua ukweli huo barabara. Wajerumani walipoitwaa pwani na kumtaka anyenyekee, alikataa kwa barua aliyoandika kwa Kiswahili mwaka 1890, na kwa takriban miaka kumi hawakuweza kumtawala. Ngome yake ilizungukwa na kichaka kizito. Mle ndani, bunduki ya Kijerumani inayofika mamia ya mita haikuwa na faida kubwa juu ya gobore linalofika hatua hamsini. Alishindwa mwaka 1899, akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Mwaka uleule Machemba alipoandika barua yake, mkutano wa Brussels uliamua nani katika Afrika apige risasi ya namna gani. Mkataba uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza silaha za kisasa katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Ziliruhusiwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nayo ilikuwa na ukweli wake. Lakini matokeo yalikuwa wazi. Mtawala angepata bunduki mpya kila mara, na mtawaliwa angebaki na ya babu yake.

Pengo hilo lilikuwa ndani ya risasi yenyewe. Tuchukue bunduki ya Winchester, ile inayopakiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini ya mtambo. Henry Morton Stanley alipoondoka Zanzibar mwaka 1887 kwenda kumwokoa gavana Emin Pasha alibeba 50 za kampuni hiyo, na safari yake iliishia Bagamoyo Desemba 1889. Winchester ya 1873 ilikuwa na mtutu wa karibu milimita 11, nayo ilipiga risasi ya gramu 13 tu, kwa sababu mtambo wake wa wenzo haukuweza kubeba kasha refu lenye baruti nyingi. Mauser ya 1871, silaha ya askari wa Kijerumani, ilikuwa na mtutu wa karibu upana uleule, na risasi yake ilikuwa ya gramu 25 mbele ya gramu 5 za baruti. Waliounda Winchester walichagua kasi ya kupiga tena na tena wakapoteza uzito. Waliounda Mauser walichagua masafa. Wote walikuwa na nafasi ya kuchagua, kwa kuwa risasi zao zilitoka kiwandani zikiwa ndani ya kasha la shaba nyeupe lililofungwa pande zote.

Kasha hilo lilikuja kuamua maisha ya watu wengi mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yenye dawa, akafundisha kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti, lakini vita ya Maji Maji ilikuwa imekwisha kuwaka. Mwishoni mwa mwezi huo misheni za Masasi, Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa, na wamisionari wa Masasi wakakimbilia Lindi.

Vitabu vingi vimeandika imani ya maji kana kwamba walioishika hawakuijua bunduki. Mimi naona kinyume. Watu wa kusini walikuwa wameishi na bunduki kwa vizazi kadhaa. Walijua kwamba risasi hukosa, hupotoka, huanguka kabla ya kufika. Zaidi ya yote walijua, kila mmoja aliyewahi kushika gobore wakati wa masika, kwamba adui wa bunduki ni maji. Tone moja kwenye baruti ya kuwashia linatosha kuinyamazisha. Nguvu ya mafundisho ya Kinjikitile ilikuwa na mizizi mingi, ya dini, ya dhuluma ya kazi za kulazimishwa katika mashamba ya pamba, ya umoja ambao makabila mengi yaliutamani. Naamini mmoja wa mizizi hiyo ulikuwa uzoefu huu wa kila siku wa mwindaji. Kilichobadilika ni kasha. Ndani ya shaba iliyofungwa, baruti ilikuwa mahali ambapo maji hayafiki. Mbele ya boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki za rashasha zilionyesha tofauti hiyo kwa namna ya kuhuzunisha mno.

Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikisia vifo 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hadi 250,000 na zaidi. Masharti ya kusalimu amri yalidai bunduki zikusanywe, na wilaya nyingi za kusini zilipoteza magobore yao kwa maelfu.

Kisha zamu ya uzee wa silaha ikawafikia watawala wenyewe. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871. Kila pigo lilitoa wingu jeupe la moshi juu ya kichaka, na adui alijua pa kulenga. Walijitahidi kuzibadilisha kwa bunduki walizoteka, kuanzia ushindi wao wa Tanga Novemba 1914. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma, wakaikalia Newala mwezi Oktoba, na kabla ya Novemba kwisha walikuwa wamefukuzwa, wakiacha silaha na akiba nyuma yao. Mwaka mmoja baadaye, baada ya mapigano makali ya Mahiwa kati ya Lindi na Masasi, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka mto tarehe 25 Novemba 1917 na kuwashambulia Wareno kule Negomano. Shehena aliyoiteka huko ndiyo iliyompa nguvu ya kuendelea mwaka mzima. Gharama ya vita hiyo waliibeba wapagazi na wakulima, ambao ghala zao zilimalizwa na majeshi ya pande zote.

Chini ya Waingereza gobore lilirudi katika kazi yake ya unyenyekevu. Idara ya wanyamapori ilianzishwa, tembo akawa mali ya leseni ambayo mkulima hakuweza kuilipia, na bunduki ya kushindilia ikabaki kwa kibali kama chombo cha kulinda shamba. Mafundi wa vijijini waliendelea kuzitengeneza, wakiunda mitutu kwa mabomba ya chuma na vitako kwa mti mgumu. Madini ya risasi yakaja kutoka betri za magari zilizochakaa, na yalipokosekana, vipande vya nondo vilichukua nafasi.

Mnyama aliyebaki shabahani alikuwa nguruwe. Nguruwe pori huharibu muhogo, mahindi na karanga nyingi kwa usiku mmoja, naye hupigwa kwa karibu, gizani, kutoka kwenye dungu. Risasi nyepesi inamtosha. Tena nguruwe hamwachii mkulima hasara ya mazao peke yake. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990 na angalau 308 waliojeruhiwa, wengi wao katika wilaya za kusini mashariki. Walionyesha kwamba simba hufuata nguruwe mashambani, na huwakuta watu waliolala huko kulinda mazao yao.

Leo sheria ya Tanzania inadai kibali kwa kila silaha, na gobore lisilo na kibali ni kosa. Sheria hiyo ina sababu nzuri, kwani magobore yaleyale yameua twiga, pofu na watu. Lakini mkulima wa Masasi anayekesha na debe la kupiga kelele anastahili ulinzi mwingine mahali pa bunduki aliyoisalimisha. Maofisa wanyamapori wa kutosha wanahitajika, na fidia inayofika kwa wakati.

Nasi tunaosoma na kuandika historia tunadaiwa pia. Makumbusho yetu yamejaa mikuki na ngoma, na bunduki ikiwekwa huwekwa kama mali ya mgeni. Kalibu, mdeki na pembe ya baruti vilikuwa vifaa vya wenyeji kwa zaidi ya miaka mia, na walioviendesha walipima uzito, umbali, unyevu na uhai wao kila walipovitumia. Wazee wachache wa uwandani bado wanaweza kueleza jinsi ya kuchagua risasi kwa mtutu fulani na kwa mnyama fulani. Maelezo yao yakusanywe sasa, yawekwe pamoja na barua ya Machemba na kumbukumbu za Maji Maji, kwa sababu bila hayo tutaendelea kuwasimulia babu zetu kama watu waliopigwa na teknolojia wasiyoielewa. Waliielewa. Walinyimwa tu nafasi ya kuchagua iliyo bora.